Picha Moja Kila Ramadhani

Mwaka wa Hijria una siku 354, na mara nyingine 355. Mwaka wa jua una siku 365 na robo. Tofauti hiyo ya takriban siku kumi na moja ndiyo isababishayo Ramadhani isitulie katika msimu mmoja. Ikitoka katika joto la kaskazi hurudi nyuma kwenye mvua za vuli, kisha ikaingia kipupwe, kisha masika, mpaka baada ya miaka 33 ya Hijria, ambayo ni kama miaka 32 ya Miladi, ikarejea pale ilipoanzia. Haya kila mama wa nyumba anayajua, kwani ndiye apangaye futari ya mwezi wa joto na futari ya mwezi wa baridi.

Lisilojulikana na wengi ni kuwa nyota za daku nazo huhama. Atakayesimama uwanjani saa kumi na nusu usiku katika Ramadhani hii, akaelekea mashariki na kuiweka alama nyota moja, kisha akarudi papo hapo saa hiyo hiyo Ramadhani ya mwakani, ataikuta nyota ile imeshuka kiasi cha nyuzi kumi na moja. Huo ni kama upana wa ngumi moja ya mkono ulionyooshwa mbele ya uso, na kidogo zaidi. Ramadhani ya tatu itakuwa imeshuka ngumi ya pili. Hatimaye huzama upande wa mashariki, ikafichika miaka mingi, kisha ikaonekana upande wa magharibi, ikapanda hadi utosini, ikashuka tena, na mwaka wa 33 ukitimia huwa imerudi mahali pake.

Mambo haya yameandikwa vitabuni tangu zamani. Sisi tumeyaona katika albamu moja ya picha, iliyoko katika nyumba moja ya Dundori, Kaunti ya Nakuru. Kwa idhini ya wenyewe, na bila ya kuwataja kwa majina kama walivyotuomba, tumeona tuwasimulie wasomaji wetu habari zake, kwa kuwa tunaamini kila nyumba inaweza kuwa na albamu kama hiyo.

Kwa nini Dundori

Dundori iko kaskazini mashariki ya mji wa Nakuru, kwenye barabara ipandayo kutoka Lanet kuelekea Ol Kalou. Ni nchi ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, iliyo juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku baridi yake huuma mifupa, na mtu wa pwani hulala na mablanketi mawili asitosheke.

Kwa mpenda nyota, mahali hapo pana neema mbili. Ya kwanza ni kimo chake: sehemu kubwa ya vumbi na mvuke wa hewa hubaki chini bondeni, na usiku usio na mawingu mbingu huwa nyeusi kweli kweli. Ya pili ni ujirani wake na Ikweta, ambayo hupita si mbali upande wa kaskazini. Aliye karibu na Ikweta huziona nyota za pande zote mbili za dunia. Mtu wa Ulaya hazioni nyingi za kusini, na mtu wa Afrika Kusini hazioni nyingi za kaskazini. Lakini mkulima wa Dundori, akikesha mwaka mzima, hupitiwa na karibu kila nyota iliyoko mbinguni.

Magharibi yake, chini bondeni, kuna taa za Nakuru, zinazozidi kila mwaka tangu mji huo upewe hadhi ya jiji tarehe 1 Disemba 2021. Mashariki, upande wa Nyandarua, bado kuna giza. Na daku huelekea mashariki, kwa kuwa huko ndiko alfajiri itokako.

Albamu yenyewe

Bwana wa nyumba hiyo alikuwa ndugu yetu upande wa mama, mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia bara kwa biashara ya viazi. Ramadhani ya mwaka 1426, iliyoingia mwanzoni mwa Oktoba 2005, alizaliwa binti yake wa kwanza. Usiku mmoja wa mwezi huo, mtoto akilia na daku likiiva, yeye alitoka uwanjani na kamera yake ya filamu, akaiweka juu ya kigoda, akaielekeza mashariki, akauacha mlango wa kamera wazi kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini.

"Nilimuuliza, shemeji," akatuambia mjane wake huku akitufungulia ukurasa wa kwanza, "mtoto hujampiga hata picha moja, hizo nyota zitakimbilia wapi? Akanijibu kuwa mtoto yuko, atapigwa kesho, lakini nyota za usiku huu na Ramadhani hii hazitakutana tena mpaka binti huyu awe mtu mzima mwenye watoto wake."

Picha hiyo, iliyosafishwa studio mjini Nakuru, imeanza kugeuka rangi. Juu yake, kuelekea kusini, yang'aa Shi'ra, ile nyota ipitayo zote kwa mwangaza, ambayo imetajwa kwa jina katika Sura An-Najm. Chini, juu ya miti, ndio kwanza zinachomoza nyota za Asadi, yaani Simba. Nyuma yake pameandikwa kwa kalamu: tarehe ya Hijria, tarehe ya Miladi, saa kumi na nusu, sekunde ishirini, Dundori.

Tangu hapo imepigwa picha moja kila Ramadhani, kutoka kigoda hicho hicho na pembe hiyo hiyo ya uwanja. Zimefika 21. Kamera ya filamu ilipochakaa ilinunuliwa ya kidijitali, ya mkono wa pili. Ukizifunua kurasa taratibu unaiona mbingu ikiteremka. Mwaka wa 1434, yaani Julai 2013, Kilimia kiko juu ya miti kwa kimo cha ngumi mbili. Mwaka wa 1435 kimebakisha ngumi moja. Mwaka wa 1436 hakipo. Picha ya mwaka 1446, yaani Machi 2025, ina mbingu nyingine kabisa: Akarabu, ile nge kubwa ya nyota, amepanda juu kusini mashariki, na kando ya mkia wake kuna kiini cha Njia Nyeupe, lile wingu la nyota zisizohesabika ambamo jua letu nalo ni nyota moja.

Katikati ya albamu kuna kurasa tatu za kijivu. Ni za miaka ya 1441, 1442 na 1443, Ramadhani ilipoangukia masika. Haionekani hata nyota moja. Ya mwaka 1442 ina uzito wake. Ndugu yetu alifariki mwezi wa Rajabu mwaka huo, Mwenyezi Mungu amrehemu na amfanyie wasaa kaburini, na Ramadhani ilipoingia mkewe alikuwa bado katika eda. Hakutoka nyumbani, wala hapakuwa na haja ya kutoka, kwani uwanja ni sehemu ya nyumba. Aliitoa kamera saa kumi na nusu, akaiweka juu ya kigoda cha marehemu, akahesabu hadi ishirini. Mvua ilikuwa karibu.

Tulimuuliza kwa nini hakungoja usiku mwingine ulio wazi. "Mawingu ndiyo yaliyokuwako," akasema. "Mume wangu alisema tupige kilichoko. Yeye mwenyewe mwaka wa kabla yake alipiga mawingu, na alicheka."

Neno lililoporwa

Hapa pwani tuna neno falaki. Asili yake ni elimu tukufu ya kujua mwendo wa jua, mwezi na nyota, ambayo kwayo wanavyuoni walipanga nyakati za swala, wakaujua upande wa kibla na hesabu ya miezi. Lakini mitaani, ukimsikia mtu akisema kuwa fulani amepigiwa falaki, hafikirii swala wala kibla. Anafikiria mtu aliyeketi na kitabu cha siri, akitoza pesa ili amwambie mwanamke kama nyota yake inapatana na nyota ya mchumba wake. Elimu imeporwa jina lake na ramli, na wanaolipa gharama ya uporaji huo wengi ni akina mama.

Njia nzuri ya kulirudisha neno ni kuzitazama nyota zenyewe. Mtoto aliyekuza macho yake juu ya albamu ile anajua kuwa nyota hushuka ngumi moja kila Ramadhani kwa kila mtu, tajiri na maskini, aliyeolewa na asiyeolewa. Wakati wa Mtume (S.A.W.) jua lilipatwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahim, watu wakadhani kuwa limepatwa kwa msiba huo. Yeye, na huzuni yake yote, aliwakataza kudhani hivyo, akawafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara mbili miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu na hazipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, na akawaongoza katika swala. Baba aliyefiwa ndiye aliyeutetea ukweli wa mbingu. Hatujui hoja iliyo kubwa zaidi ya hiyo dhidi ya wapiga ramli.

Wengine wameuliza kama kupiga picha za nyota kunaingia katika ile khitilafu ya wanavyuoni kuhusu taswira. Khitilafu hiyo ni juu ya viumbe vyenye roho. Nyota, mwezi, mlima na mti havimo ndani yake. Na kamera yenyewe ina nasaba karibu na nyumba zetu: Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Kairo kama mwaka 1040, aliandika risala juu ya sura ya jua lililopatwa, akieleza namna mwanga upitao tunduni unavyoichora sura hiyo ndani ya chumba cha giza. Kabla yake, mwaka 964, Abdurrahman as-Sufi alimaliza kitabu chake cha sura za nyota, na ndani yake alitaja wingu dogo katika kundi la Andromeda. Leo twajua kuwa wingu hilo ni galaksi nzima iliyo nje ya yetu, na kijana mwenye kamera ya kawaida pale Dundori anaweza kuipiga picha kwa sekunde ishirini.

Alfajiri mbili

Faida iliyotugusa zaidi ni ya saumu. Vitabu vya fiqhi vyafundisha kuwa alfajiri ni mbili. Ya kwanza ni alfajiri kadhibu, alfajiri ya uongo: nguzo ya mwanga hafifu inayosimama kutoka upeoni kwenda juu, ambayo Waarabu waliifananisha na mkia wa mbwa mwitu. Hiyo haiharamishi chakula wala haiingizi wakati wa swala. Ya pili ni alfajiri sadiki, mwanga unaotanda upeoni kutoka kaskazini hadi kusini, kama shuka inayokunjuliwa. Hiyo ndiyo inayofunga mlango wa daku.

Wengi wetu tuliyasoma haya chuoni tukayahifadhi, lakini ni wangapi waliowahi kuiona hiyo ya kwanza? Katika miji yetu ya pwani taa za barabarani zimeimeza. Binti wa nyumba ile, ambaye sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu, alitukalisha mbele ya kompyuta akatuonyesha picha alizozipiga dakika kumi kumi baina ya saa kumi na nusu na saa kumi na mbili.

"Hii, ami, si moshi wala si taa za mji," akasema, akituonyesha nguzo nyeupe iliyoinama kidogo. "Ni vumbi lililotapakaa baina ya sayari, linamulikwa na jua ambalo bado liko mbali chini. Sasa tazama hii ya baadaye. Mwanga umelala."

Na kweli ulikuwa umelala. Wenye elimu ya mbingu nao wanaijua nguzo ile kwa maelezo hayo hayo ya vumbi na mwanga wa jua. Karibu na Ikweta huonekana vizuri zaidi kuliko katika nchi nyingi, kwa sababu njia ya jua na sayari husimama karibu wima juu ya upeo.

Jambo hili si dogo. Kalenda za swala hupigwa hesabu kwa kina cha jua chini ya upeo wakati wa alfajiri. Kuna zinazotumia nyuzi 15, kuna 18, kuna 19 na nusu. Kwetu sisi wa Ikweta jua hupanda nyuzi 15 kwa saa moja, kwa hivyo tofauti ya nyuzi tatu ni kama dakika kumi na mbili. Ndiyo maana simu mbili katika nyumba moja hupiga adhana kwa nyakati mbili, na mama aliyeshika glasi ya maji asijue anywe au aiweke. Hatusemi kuwa mtu aache kalenda ya msikiti wake afuate picha yake. Jambo la wakati ni la jamaa, na wanavyuoni wa mji ndio wenye kauli. Tunasema kuwa nyumba iliyoziona alfajiri mbili kwa macho inaelewa wanavyuoni wanabishania nini, na hubishana kwa adabu zaidi.

Vivyo hivyo kwa mwezi mwandamo. Tarehe 8 Julai 2013, katika mkesha wa Ramadhani ile ya picha ya Kilimia, mpiga picha wa Kifaransa Thierry Legault aliunasa mwezi karibu na Paris katika wakati ule ule wa muungano wake na jua, mchana kweupe, kwa darubini na kichujio cha mwanga usioonekana kwa macho. Hapana jicho la mwanadamu linaloweza kuuona mwezi huo. Je, picha kama hiyo yafunguza mwezi? Hilo tunawaachia Kadhi Mkuu na wanavyuoni. Lakini ni vyema vijana wetu wajue tofauti baina ya kinachoonwa na jicho na kinachonaswa na mtambo, kabla ya kuanza kurushiana maneno kila mwezi 29 Shaabani.

Amana ya picha

Kuna picha nyingi za mbinguni zinazozungushwa kwenye WhatsApp: mwezi uliopasuka, nyota zilizoandika majina, jua mbili juu ya Kaaba. Nyingi zimetengenezwa na watu waliokaa vyumbani mwao. Anayezisambaza hudhani anaitumikia dini, kumbe anawafundisha wanawe kuwa ishara za Mwenyezi Mungu zahitaji kusaidiwa na uongo.

Mpiga picha wa nyota hulazimika kuchunga amana, kwa sababu kazi yake haiwezi kuepuka kompyuta. Picha moja ya gizani huwa imejaa chembechembe zisizo nyota, zinazozuka ovyo kwa udhaifu wa kamera. Dawa yake ni kupiga picha nyingi za mahali pamoja na kuzipandanisha kwa programu kama Siril, ambayo hutolewa bure. Chembe za uongo hubadilika kutoka picha hadi picha, kwa hivyo hufutana; nyota hubaki pale pale, kwa hivyo huthibitika. Picha 16 hupunguza uchafu hadi robo yake. Aliyesoma elimu ya hadithi ataielewa njia hii upesi: wapokezi wengi wasiojuana wanapokubaliana juu ya jambo moja, shaka huondoka.

Huko ni kusafisha, na kunafaa. Kubandika mwezi mkubwa juu ya msikiti ambao mwezi haukuwako ni kughushi. Yule binti ana sheria nyepesi: nyuma ya kila picha huandika siku, saa, mahali, sekunde na idadi ya picha zilizopandanishwa. Kisichoweza kuandikwa nyuma ya picha hakifanywi mbele yake.

Na amana hiyo huweza kuzaa faida asiyoitarajia mtu. Mwezi wa Septemba 2016, huko Rosario nchini Argentina, fundi wa kufuli aitwaye Víctor Buso alikuwa akiijaribu kamera yake mpya kwenye darubini ya nyumbani, akaelekea galaksi moja ya mbali. Picha zake, zenye saa na dakika, zilinasa mwanzo kabisa wa kulipuka kwa nyota, jambo ambalo wataalamu walikuwa wakilitafuta kwa miaka. Kazi yake ya kutwa ilikuwa kufuli.

Namna ya kuanza

Tuliwauliza mama na binti wawaambie nini wasomaji wetu. Tumeyakusanya maneno yao pamoja na tuliyoyajaribu wenyewe.

Usianze kwa kununua. Mwaka wa kwanza ni wa macho. Jifunze makundi matano tu: Kilimia, Jabari, Akarabu, Salibu ya kusini, na nyota ya Suheli ambayo mabaharia wetu waliufanya upande wa kusini uitwe kwa jina lake. Programu ya Stellarium itakusaidia kuzitambua. Anayekopa ili anunue darubini ataichukia kabla hajamaliza kuilipa, na israfu haina baraka.

Simu nyingi za sasa zina hali ya usiku. Iegemeze juu ya mfuko wa kunde au wa mchele usiotikisika, na utumie saa ya kuchelewesha ili kidole chako kisiitingishe. Mwenye kamera agawanye 500 kwa milimita za lenzi yake, apate sekunde za juu kabisa kabla nyota hazijaanza kuwa mistari; lenzi ya milimita 20 yampa sekunde 25. Kwa kamera ndogo atumie 300 badala ya 500.

Ukifika kiwango cha kutaka mtambo wa kufuatilia nyota, kumbuka kuwa vitabu vyake vingi huandikwa na watu wa kaskazini, husema uulekeze kwenye nyota ya Jaa. Mombasa iko nyuzi nne kusini ya Ikweta, na Jaa haionekani kabisa. Hata Dundori imejificha upeoni. Hapa kwetu hutumika dira, na subira ya kusahihisha kidogo kidogo.

Ufunike kioo cha kamera kwa soksi kuukuu na uweke chupa ya maji ya moto kando yake. Umande wa Dundori huziba lenzi kwa nusu saa, na chumvi ya hewa ya pwani si adui mdogo. Kwa jua lililopatwa, asilitazame mtu wala kulipiga picha bila ya kichujio maalumu. Tarehe 2 Agosti 2027, mwishoni mwa Safar 1449, jua litapatwa kikamilifu juu ya Makka kwa zaidi ya dakika tano. Sisi huku tutaliona limemegeka tu. Familia zijiandae kwa miwani inayofaa, na kwanza kabisa kwa swala.

Kuhusu usalama na heshima, hapana haja ya mwanamke wala mtoto kutoka peke yake usiku. Uwanja, sakafu ya juu ya nyumba, au shamba la jamaa pamoja na maharimu yatosha. Albamu nzima ya Dundori imepigwa hatua kumi kutoka mlango wa jikoni.

Na anayekaa mjini asikate tamaa. Taa za Mombasa hufuta Njia Nyeupe, lakini hazimfuti Shi'ra, wala Suheli, wala moyo wa Akarabu. Ngumi moja kwa mwaka huonekana Majengo kama ionekanavyo Dundori.

Ramadhani ijayo

Ramadhani ya mwaka 1447 inatarajiwa kuingia wiki ya tatu ya Februari 2026, mwezi ukiandama. Usiku ufaao ni wowote katika kumi la kwanza, kwa kuwa mwezi huwa umeshatua kabla ya daku. Saa kumi na nusu elekea kusini mashariki: utaiona nyota nyekundu, moyo wa Akarabu, kwenye kimo cha ngumi nne na zaidi. Piga picha moja. Andika nyuma yake. Mwakani, siku hiyo hiyo ya Hijria, simama hapo hapo.

Pale Dundori itakuwa picha ya 22. Binti ameposwa, na akiolewa kigoda kitabaki kwa ndugu yake mdogo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ambaye mama yake ameanza kumwamsha mapema kabla ya daku ajifunze kuhesabu hadi ishirini bila ya haraka. Mwaka wa 1459, yaani Oktoba 2037, Mwenyezi Mungu akipenda, Shi'ra itakuwa imerejea pale ilipokuwa usiku ule wa kwanza, na Asadi watakuwa wanachomoza juu ya miti. Mama anasema hajui kama atakuwako. Ameshaandika tarehe hiyo kwenye ukurasa wa mwisho, na nafasi ya picha ameiacha wazi.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu aliyeianza kazi hiyo, awape subira walioibeba, na atufikishe sote katika mwezi mtukufu tukiwa na macho ya kuziona ishara Zake. Wabillahi tawfiq.